Mtoto alikuwa anapumua, alikosa nini? Muhogo mchungu na nishati ya seli

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa kule Bumala, Busia. Nalima muhogo na kuuza unga wake sokoni. Binti yangu yuko kidato cha nne, na juzi alikuwa akisoma kwa sauti habari za mitokondria. Alisema oksijeni tunayovuta huchoma chakula mwilini, kisha hutoka kama kaboni dioksaidi. Nikamkumbuka mtoto wa jirani yetu, miaka mingi iliyopita wakati wa ukame. Alichimba muhogo mchungu shambani mchana akautafuna mbichi. Jioni alikuwa anahema kama aliyetoka mbioni, midomo myekundu, na kabla hatujapata gari akafariki. Hewa ilikuwa inaingia, nilikiona kifua kikipanda na kushuka. Kama hewa ilikuwa inaingia, alikosa nini? Na unga wangu je, nitajuaje kwamba hauna madhara?

Jibu: Mama, kwanza pole. Jambo kama hilo halisahauliki, na nimelisoma swali lako mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Uliyoyaona ndiyo yaliyokuwa. Hewa iliingia. Oksijeni ilifika mapafuni, damu ikaipokea, ikaifikisha hadi mlangoni mwa kila seli. Kilichozuiwa na sianidi, sumu itokayo kwenye muhogo mchungu, ni hatua moja tu, ya mwisho kabisa, iliyo ndani ya mitokondria, kitu kidogo kiasi kwamba maelfu yake huenea katika seli moja ya ini. Oksijeni ilimjaa mtoto yule, ila seli zake hazikuweza kuitumia. Ili nikueleze kwa nini, inabidi nianze na kile binti yako alichosoma.

Mwambie kwamba oksijeni tunayovuta haigeuki kuwa kaboni dioksaidi. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, na mlinganyo wa kitabuni unamfanya mtu adhani hivyo, kwa sababu oksijeni imeandikwa upande mmoja na kaboni dioksaidi upande wa pili. Mlinganyo ni sahihi kwa jumla yake, ila unaficha njia iliyopitwa. Kaboni unayoitoa puani ilikuwa kwenye ugali. Oksijeni iliyoungana na kaboni hiyo ilitoka kwenye ugali uo huo na kwenye maji ya mwilini. Oksijeni ya hewani, ile iliyopandisha na kushusha kifua cha mtoto, huishia kuwa maji. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha robo lita hadi theluthi ya lita ya maji kwa siku kwa njia hii, bila kujua.

Sasa tufuate tonge la ugali. Wanga wake unasagwa tumboni kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye seli, na huko inakatwa vipande viwili bila oksijeni kuhusika. Vipande vinaingia ndani ya mitokondria na kupitishwa kwenye mzunguko wa kemikali ambao mwanasayansi Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Humo kaboni inang'olewa moja moja na kutupwa, ndiyo hiyo unayoitoa kwa pumzi. Kufikia hapo chakula kama chakula hakipo tena. Lakini nishati yake karibu yote bado haijashikika. Seli imepata ATP nne tu kutoka kwenye glukosi moja, ilhali mwisho wa safari itapata 30 hadi 32.

ATP ni nini? Ni kemikali yenye mkia wa fosfati tatu. Fosfati ya mwisho ikikatwa, nishati inapatikana, na msuli unajikunja, neva inapeleka ujumbe, figo inachuja. Kinachobaki ni ADP, yenye fosfati mbili, na lazima irudishiwe ile ya tatu ndipo ifae tena. Mwili hauweki akiba ya maana ya ATP. Kwa wakati wowote una makumi ya gramu tu, lakini mtu aliyekaa siku nzima hutengeneza na kutumia ATP inayokaribia uzito wa mwili wake mwenyewe. Zilezile zinavunjwa na kuundwa upya, mamia ya mara kwa siku. Zingatia hilo, Mama, kwa sababu ndilo linaloeleza haraka ya kifo kile. Utengenezaji ukisimama, ubongo na moyo havina pa kukopa.

Basi nishati iliyobaki imejificha wapi, ikiwa chakula kimeshavunjwa? Iko kwenye elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Kila kaboni ilipong'olewa, elektroni za haidrojeni zilinyofolewa na kupakiwa kwenye vibebaji viwili ambavyo binti yako anavijua kwa majina ya NADH na FADH2. Vibebaji hivi vinaelekea kwenye utando wa ndani wa mitokondria, utando uliojikunja mikunjo mingi kama nguo iliyosongwa ndani ya kikombe, na kwenye utando huo kuna mitambo minne ya protini.

Umewahi kuwaona mafundi wakimwaga zege la ghorofa? Wanajipanga mstari, karai inatoka mkono huu kwenda mkono ule, hakuna anayekimbia nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Elektroni zinasafiri hivyo. NADH inazikabidhi kwa mtambo wa kwanza, FADH2 inazikabidhi kwa wa pili. Kutoka hapo kibebaji chepesi kinachoogelea ndani ya utando kinazipeleka kwa mtambo wa tatu, protini ndogo iitwayo saitokromu c inazipokea na kuzifikisha kwa wa nne. Kila zinapopokewa zinashuka ngazi ya nishati kidogo. Na kwenye mtambo wa nne, katikati ya chembe ya chuma na chembe ya shaba, oksijeni inasubiri. Inapokea elektroni nne, inaokota protoni nne zilizo karibu (protoni ni haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake), na kuwa maji, molekuli mbili.

Hiyo ndiyo kazi ya oksijeni mwilini, karibu yote. Iko mwisho wa mstari kupokea elektroni zilizokwisha kazi. Fundi wa mwisho akikosa pa kumwaga, karai inamkwama mikononi, wa nyuma yake anakwama na yake, na kabla hujahesabu kumi mstari mzima umesimama, ingawa kule mwanzo zege limejaa.

Elektroni zikishuka ngazi, nishati inayotoka haiendi moja kwa moja kwenye ATP. Hapa wanasayansi walihangaika kwa miaka mingi. Walitafuta kemikali ya katikati, kitu fulani kinachopokea nishati kutoka kwenye mitambo na kuikabidhi kwa ADP, na hawakuipata. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema hawaipati kwa sababu haipo. Alisema mitambo inafanya jambo moja: inasukuma protoni kutoka ndani ya utando kwenda nje. Mtambo wa kwanza unasukuma nne kwa kila jozi ya elektroni, wa tatu nne, wa nne mbili. Wa pili hausukumi. Protoni zinarundikana upande mmoja, zinataka kurudi, na utando hauzipitishi. Nishati imewekwa kwenye huo msukumo wenyewe.

Nikiwafundisha wanafunzi hapa Kisumu huwaambia wafikirie Sondu. Ukitoka Kisumu kwenda Kisii unavuka mto ule. Pale juu maji yanazuiwa, yanaingizwa kwenye mtaro uliochimbwa ndani ya mlima, kisha yanaangushwa kwa mabomba hadi chini upande wa Nyakach, na kule chini yanazungusha tabo, yale magurudumu ya kuzalisha umeme, za kituo cha Sondu Miriu chenye uwezo wa megawati 60. Maji yaleyale yakishatoka hapo yanapelekwa Sang'oro kuzalisha megawati nyingine 21 kabla ya kurudi mtoni na kuelekea ziwani. Maji yenyewe hayaliwi wala hayaunguzwi. Ni kule kuwa juu na kutaka kushuka ndiko kunakozalisha umeme. Tofauti moja tu: Sondu mvua ndiyo inayoyapandisha maji, na kwenye mitokondria ni elektroni za ugali wako zinazozipandisha protoni.

Mlima wa protoni unaonekana mdogo ukiutaja kwa tarakimu. Ni volti 0.15 hadi 0.18, hata betri ya redio inaushinda. Lakini utando wenyewe una unene wa sehemu kama tano za milioni za milimita. Ukigawanya volti hizo kwa unene huo unapata volti milioni 30 hivi kwa kila mita. Hewa yetu hii hupasuka na kutoa cheche ikifikia milioni 3 kwa mita. Kila ninapofika hapa darasani nasimama kidogo, maana ni jambo la kustaajabisha kwamba kitu hiki kinaendelea sasa hivi kwenye ncha ya kidole chako bila kuwaka.

Mitchell hakuaminiwa upesi. Alikuwa ameacha kazi ya chuo kikuu kule Edinburgh kwa sababu ya ugonjwa, akakarabati jumba la zamani karibu na Bodmin, kusini magharibi mwa Uingereza, na kulifanya maabara yake, akifanya kazi pamoja na Jennifer Moyle. Mabishano yaliendelea zaidi ya miaka kumi. Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa na wanasayansi Racker na Stoeckenius mwaka 1974. Walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta. Ndani ya kuta zake wakapachika vitu viwili visivyojuana kabisa: protini ya zambarau ya bakteria wa maji ya chumvi, ambayo husukuma protoni inapopigwa na mwanga, na mtambo wa kutengeneza ATP uliotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Wakavimulika. ATP ikatokea. Ng'ombe na bakteria hawakuwa na kemikali yoyote ya siri ya kupokezana, kulikuwa na protoni tu kati yao. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Na ule mtambo wa moyo wa ng'ombe ni tabo kweli, si mfano wa kusemea tu. Unaitwa ATP sinthesi. Una gurudumu lililozama ndani ya utando, mhimili unaotoka kwenye gurudumu, na kichwa kilichogawanyika sehemu tatu kinachouzunguka mhimili. Protoni zikirudi kupitia kwake zinalisukuma gurudumu; kwa ng'ombe na kwa binadamu protoni nane zinalizungusha duru moja. Mhimili ukizunguka unabana na kulegeza zile sehemu tatu kwa zamu, na kila sehemu ikibanwa inaunganisha ADP na fosfati. Duru moja, ATP tatu, na duru zinaweza kuzidi mia moja kwa sekunde. Paul Boyer alilieleza zungusho hili kwa hesabu na hoja, John Walker akaonyesha umbo la kichwa, wakapata Nobel mwaka 1997. Mwaka huohuo Wajapani walibandika uzi unaong'aa juu ya mhimili wa mtambo mmoja, wakaangalia kwa darubini, na uzi ukaonekana ukizunguka. Nilikuwa bado mwanafunzi nilipoiona picha ile, na ndiyo iliyonifanya nibaki kwenye kazi hii.

Kwa binti yako: ukihesabu na gharama ya kuitoa ATP nje ya mitokondria, kila moja inagharimu protoni nne hivi. Jozi ya elektroni za NADH inasukuma kumi, kwa hiyo inaleta ATP mbili na nusu. Ndiko zinakotoka zile 30 hadi 32 kwa glukosi moja. Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, vilihesabu kabla protoni hazijahesabiwa sawasawa. Kwenye mtihani aandike kile mwalimu wake alichowafundisha, lakini ajue ukweli ulivyo.

Sasa nikueleze kinachotokea mstari unapozibwa, nikueleze kama ninavyokiona kwa macho. Kila mwaka wanafunzi wangu huenda kichinjioni alfajiri kuchukua moyo wa ng'ombe ukiwa bado na joto. Unawekwa kwenye barafu, unakatwakatwa, unasagwa kwenye maji baridi ya sukari, na kuzungushwa kwenye mashine mpaka mitokondria zitulie chini ya chupa kama tope la kahawia. Tope hilo kidogo tunalitia kwenye kichupa kilichofungwa, chenye kipimo cha oksijeni, na kalamu inachora mstari kwenye karatasi. Tukitia chakula, mstari unateremka polepole, oksijeni inatumika kidogo. Tukidondosha ADP, mstari unaporomoka ghafla, mitokondria zimepata kazi. ADP ikiisha, unarudi kuwa mteremko mdogo. Tunadondosha tena, unaporomoka tena. Wanafunzi hufurahi sana hapo, kwa sababu wanaona kwamba mitokondria haivuti oksijeni ovyo. Inavuta kwa kadiri ATP inavyohitajika, kama vile unavyohema zaidi ukibeba gunia.

Kisha nadondosha sianidi, mimi mwenyewe, tone dogo mno. Mstari unanyooka. Haupindi tena. Oksijeni imo kichupani, chakula kimo, ADP imo, na hakuna kinachosogea. Kelele za darasa huisha pale, na huwa nawaacha waangalie ule mstari kwa dakika nzima.

Sianidi imekwenda kwenye mtambo wa nne, kwenye ile chembe ya chuma ambapo oksijeni husubiri, ikaikalia. Fundi wa mwisho ameshikwa mikono. Elektroni zinakwama nyuma, protoni hazisukumwi, tabo inasimama. Seli inabaki na njia moja tu, ile ya kukata glukosi bila oksijeni, inayoleta ATP mbili badala ya 30 na kuacha asidi ya laktiki inayorundikana kwenye damu. Ndicho kilichompata mtoto wa jirani yako. Alihema kwa sababu vipimo vya mwili vilivyo shingoni, vinavyolinda kiwango cha oksijeni, navyo ni seli, navyo vilizibwa, vikapiga kelele kwamba hakuna oksijeni. Na asidi kwenye damu inaongeza kuhema. Midomo ilikuwa myekundu kwa sababu damu ilizunguka mwili mzima na kurudi bado imebeba oksijeni yake, hakuna seli iliyoipokea. Damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Mtu aliyekabwa koo huwa buluu midomoni, yeye kinyume chake. Kwa hiyo hukuona vibaya, na hata mngekuwa na mtungi wa oksijeni pale nyumbani, peke yake usingetosha.

Sianidi hiyo ilitoka wapi, na kwa nini mchana hadi jioni? Muhogo hauna sianidi iliyo wazi. Una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ni sianidi iliyofungwa kwa sukari, na una kimeng'enya kinachoweza kuifungua. Vinakaa vyumba tofauti ndani ya seli za muhogo. Panya akiutafuna, au wewe ukiukwaruza, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, sianidi inatoka. Ni silaha ya mmea dhidi ya wanaoutafuna. Mtoto alipotafuna, sehemu ilifunguka mdomoni na tumboni, na linamarini iliyobaki ilifunguliwa polepole na bakteria wa utumbo kadiri saa zilivyosonga. Muhogo mtamu huwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya muhogo mbichi. Mchungu unaweza kuzidi 100, tena mbali, na ukame unaipandisha. Kinachoweza kuua mtu ni kati ya nusu miligramu na miligramu tatu na nusu kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 12 yuko hatarini kwa kiasi ambacho mtu mzima angekitapika tu na kuumwa kichwa.

Sasa unga wako. Watu wengi hudhani moto unaua sumu ya muhogo. Ukichemsha muhogo mchungu mzima, moto unaua kwanza kile kimeng'enya, na linamarini inabaki salama ndani ya muhogo ikisubiri utumbo wako. Kumenya, kukata na kuanika juani vipande vinene peke yake nako hakutoshi kwa muhogo mchungu, maana seli nyingi hukauka kabla hazijavunjika. Mama zetu wa Busia na Teso walijua njia bora bila kusoma kemia. Unamenya, unarundika vipande, unafunika kwa majani au gunia, unauvundika siku tatu nne mpaka ulainike na kuota ukungu. Ukungu na bakteria wanavunja kuta za seli, kimeng'enya kinaikuta linamarini, na sianidi inaruka hewani, kwa kuwa ni kitu chepesi kinachochemka kwenye nyuzijoto 26 tu, chini ya joto la mchana wa Bumala. Kisha unakwangua ukungu, unapondaponda, unaanika mpaka ukauke kabisa, ndipo unapeleka kisiagi. Anayekwambia kuvundika ni ushamba, usimsikilize. Hatari huja pale mtu anapokuwa na haraka ya soko, au njaa imebisha hodi, akafupisha siku nne kuwa moja.

Kipo kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo, miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Kwa macho huwezi kukipima, na uchungu mdomoni ni dalili tu, si kipimo cha kutegemea. Lakini unaweza kuushusha zaidi unga uliokwisha kusagwa, kwa njia iliyotumika vijijini Kongo. Tia unga kwenye beseni, changanya na maji mpaka ulowe wote, tandaza juu ya mkeka au ungo kwa unene usiozidi kidole, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichobaki kwenye unga kinazinduka kwa maji na kumaliza kazi, sianidi inaondoka, inashuka hadi theluthi moja ya ilivyokuwa na hata chini ya hapo. Unga huo upikwe ugali siku hiyohiyo. Waeleze na wateja wako, hasa ukame ukiingia.

Nasisitiza ukame kwa sababu hapa karibu, ng'ambo ya mpaka wa Migori, kule Tarime, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980 watu waliamka asubuhi miguu imekakamaa, haikunjuki tena. Msumbiji mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 walipata hali hiyo, wengi wao watoto na akina mama. Ugonjwa unaitwa konzo, jina la Wayaka wa Kongo, na haupoi. Walikuwa wamekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, na hawakuwa na kitoweo. Kitoweo kinahusika hivi: mitokondria yenyewe ina kimeng'enya kinachoigeuza sianidi kuwa kitu kinachotoka na mkojo, lakini kinahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini. Omena, samaki, mayai, nyama. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi na kulishwa na omena si sawa na ugali huohuo kwa mboga tupu, na tofauti yake iko ndani ya mitokondria.

Na ikitokea tena, Mungu apishe mbali, mtoto akala muhogo kisha akaanza kutapika, kuumwa kichwa, kuhema bila kukimbia, kulegea au kuchanganyikiwa, usimpe maziwa mkangoja. Mpelekeni hospitali hata kwa bodaboda, na mtu atangulie kupiga simu. Mfikapo semeni neno muhogo kabla ya neno lingine lolote, na beba kipande alichobakiza. Dawa za sianidi zipo. Moja ni aina ya vitamini B12 yenye madini ya kobalti, ambayo huinyakua sianidi kutoka kwenye ile chembe ya chuma. Nyingine ni thiosalfeti, ambayo huupa mwili salfa ya kuiondolea. Sianidi ikishatolewa, mtambo wa nne unaanza kupokea tena pale ulipoachia, mstari unasogea, na mtoto anaweza kurudi. Lakini daktari hawezi kuzitafuta dawa hizo kama hajaambiwa mtoto alikula nini.